Dripu ya Madini ya Chuma Mjini Kisumu: Sindano Safi, Maswali Machache

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kuongezewa madini ya chuma kupitia mshipa, ambayo wengi wetu tunaiita dripu ya chuma, katika kliniki moja ya kibinafsi mjini Kisumu. Sitaitaja kliniki yenyewe kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si zake peke yake, na mazuri niliyoyaona kwa muuguzi wake yanapaswa kudaiwa kokote huduma hii inakotolewa. Nimeishi na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikizirai bila mtu kunieleza sababu: gwarideni shuleni, kwenye foleni ya benki, na hata kanisani wakati wa kutoa sadaka, ambako nilizinduka nikiwa nimemwagiwa maji ya kutosha kubatiza familia nzima. Ninaandika kama mteja aliyelipa kutoka mfukoni mwake, wala si kama mtaalamu wa tiba, ingawa kukaa kwingi kwenye mabenchi ya hospitali kumenifundisha kuisoma karatasi ya maabara kwa makini.

Mapokezi ya kliniki hiyo yana bango kubwa linaloahidi kwamba uchovu, kizunguzungu na kuzirai vitakwisha kwa dripu moja. Nimeamua kuipima huduma kwa ahadi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Uchovu ulikwisha, tena ulikwisha vizuri. Kizunguzungu kilipungua. Kuzirai kuliendelea kana kwamba hakuna kilichofanyika, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu kuu: kliniki inajua sana kutia chuma mwilini, lakini haiulizi chuma cha awali kilikwenda wapi, wala haiulizi kama kuzirai kwa mgonjwa kunatokana na upungufu wa damu kweli.

Kabla ya kufika kwenye dripu, sina budi kuzitetea tembe, maana mhudumu wa mapokezi alinihakikishia kwamba hizo ni za wajawazito tu na kwamba mtu mwenye shida kama yangu hupoteza muda kuzimeza. Ni kweli kwamba wajawazito nchini Kenya hupewa bila malipo, wanapohudhuria kliniki, tembe zenye miligramu 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Lakini tembe ya kawaida ya feri salfeti ya miligramu 200, ambayo huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya dawa kuanzia Kondele hadi Nyalenda, ina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe, na kwa watu wengi inatosha kabisa. Tatizo mara nyingi ni namna tunavyoimeza. Tunaimeza na chai ya maziwa ya asubuhi, ambayo kwetu ni nusu ya dini, na chai hiyo hukizuia chuma kisifyonzwe. Tembe hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, ikimezwa pamoja na maji ya chungwa au limau, na chai ikisubiri saa moja au mbili. Wanaotumia dawa za kupunguza asidi tumboni nao hufyonza chuma kidogo kuliko wengine, na sijawahi kusikia muuza dawa akimwuliza mteja kuhusu hilo anapomfungia tembe zake kwenye bahasha.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna aliyenieleza dukani. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hupanda baada ya mtu kumeza dozi ya chuma na kupunguza ufyonzaji kwa takriban siku nzima, kwa hiyo tembe inayofuata upesi hupita bila faida kubwa. Utafiti uliofanywa Zurich na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila dozi walipomeza siku moja na kuruka siku inayofuata. Anayeanza tembe leo angefanya vyema kumwuliza daktari wake kuhusu mpangilio huo, hasa ikiwa tembe za kila siku zinamfunga choo. Tembe zikifanya kazi, himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, hupanda kwa takriban gramu 2 kwa desilita ndani ya wiki tatu au nne, na dozi huendelezwa kwa miezi mitatu hivi baada ya himoglobini kufika kiwango cha kawaida, ili akiba nayo ijae. Wengi wetu huacha pale tu tunapoanza kupanda ngazi bila kuhema.

Mimi tembe zilinishinda kwa kichefuchefu na choo kigumu, na zaidi ya hayo, damu niliyokuwa nikiipoteza kila mwezi ilikizidi kile ambacho utumbo ungeweza kufidia. Kwa mtu wa hali hiyo dripu ni tiba halali, wala si anasa. Kuhusu shira tamu za kuongeza damu, nitasema tu kwamba lebo nyingine hutaja uzito wa chumvi ya chuma badala ya uzito wa chuma chenyewe, kwa hiyo mnunuzi anaweza kudhani anapata mara kadhaa ya kile anachokipata. Sharubati ya bitiruti, ambayo kila jirani hunishauri ninywe kwa sababu ya rangi yake, ina chini ya miligramu 1 ya chuma katika gramu 100 za bitiruti. Maini na omena vina maana zaidi, kwa sababu chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mboga.

Sasa niingie kliniki yenyewe. Vipimo vya damu vilichukuliwa asubuhi na majibu yakatoka kabla ya saa sita, jambo ambalo ninalisifu. Himoglobini yangu ilikuwa gramu 8.1 kwa desilita na feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa mikrogramu 6 kwa lita. Shirika la Afya Duniani humhesabu mwanamke asiye mjamzito kuwa na upungufu wa damu himoglobini yake inaposhuka chini ya 12, na upungufu huo huitwa mkali ikiwa chini ya 8. Feritini chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na maambukizi huonyesha kuwa akiba ya chuma imekwisha. Himoglobini ni kama unga uliopo jikoni, na feritini ni mahindi yaliyo ghalani: nyumba inaweza kuendelea kupika kwa muda huku ghala likiwa tupu, na ndiyo maana kupima himoglobini peke yake huficha mengi. Kliniki ilipima vyote viwili bila ya mimi kuomba, na hilo si la kawaida. Nimewahi kutibiwa mahali ambapo daktari alinivuta kope la chini, akatazama weupe wake, akaandika dawa.

Muuguzi alinipima uzito, kisha akanieleza hesabu ambayo sijawahi kuelezwa kwingine. Upungufu wa chuma mwilini hukadiriwa kwa kuzidisha uzito wa mtu kwa kilo na tofauti kati ya himoglobini inayotakiwa na ile aliyo nayo, kisha kuzidisha tena kwa 2.4, na kujumlisha miligramu 500 za akiba. Mtu wa kilo 60 mwenye himoglobini ya 8, anayelengwa kufika 15, huhitaji takriban miligramu 1,508. Kifurushi ambacho kliniki hukiuza kama dozi kamili ni cha miligramu 1,000 za feri kaboksimoltosi, ambayo ndiyo dawa ya dripu hii, kiwango ambacho ndicho cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa wiki moja. Kwa hiyo kwa wengi wenye upungufu mkubwa, kifurushi hicho ni sehemu tu ya safari, na bango lililoko mapokezi linapotaja dripu moja linapingana na hesabu ya muuguzi aliyeketi chumba cha pili. Alinieleza hayo kwa utulivu, akiniita mwalimu kila mara, bila kumlaumu mwajiri wake wala kunishawishi nilipie dozi mbili papo hapo.

Chumba cha dripu ni safi, kina viti vinavyolala na dirisha linaloangalia barabara. Kabla ya kunitia kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, sista huyo aliniuliza kuhusu pumu, mzio wa dawa na uwezekano wa mimba, maana dripu hii haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Alinionya pia kwamba dawa ikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia chini ya ngozi ambalo linaweza kukaa kwa miaka, hivyo niseme mara moja nikihisi kuungua au kuvimba. Trei ya dharura yenye adrenalini ilikuwa mezani, na mtungi wa oksijeni ulikuwa pembeni. Dawa ilichanganywa na maji ya chumvi yasiyozidi mililita 250, na ingawa inaruhusiwa kuingia kwa dakika 15, yeye aliipitisha polepole zaidi. Katikati nilihisi uso kuwaka moto na kifua kubana kidogo. Alisimamisha dripu, akanipima shinikizo la damu, akanieleza kwamba hali hiyo hutokea kwa baadhi ya watu na hupita yenyewe bila dawa, kisha akaendelea taratibu nilipotulia. Ilipokwisha, mhudumu wa mapokezi alikuja kuuliza kama kiti kimepatikana kwa mteja aliyekuwa akisubiri. Sista alimjibu kwamba mwalimu hatoki hapa mpaka nusu saa ya uangalizi ipite. Kwa saa hiyo aliyoisimamia, sina dosari ya kuitaja.

Bei yake ilizidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi, na risiti iliandikwa jumla moja bila mchanganuo. Nilipoomba mchanganuo, niliupata, na humo nikaona kwamba kitanda na ada ya daktari vimechukua sehemu kubwa kuliko nilivyodhani. Anayekwenda aulize bei ya dawa peke yake kabla ya kukubali. Aulize pia ni dawa gani, kwa sababu chuma cha mshipani ni cha aina nyingi: kile cha sukrosi hutolewa miligramu 200 kwa mara moja, hivyo mtu hulazimika kurudi mara kadhaa, na nauli pamoja na siku za kukosa kazi huingia kwenye hesabu hata pale chupa yenyewe inapokuwa rahisi.

Siku zilizofuata viungo viliniuma kidogo, kisha mabadiliko yakaanza kuja. La kwanza kuondoka lilikuwa hamu ya odowa, ule udongo mgumu wa kutafuna unaouzwa kwa mafungu katika soko la Kibuye. Hamu ya kula udongo, au barafu, huwapata watu wengi waliopungukiwa na chuma, na udongo wenyewe huweza kukishika chuma tumboni, hivyo shida hujizidishia. Nilipita kwenye meza ya muuza odowa nikaona mawe tu. Baadaye niliweza kupanda hadi darasa la ghorofa ya pili nikaanza somo bila kuegemea meza, na kucha zangu zikaacha kupasuka. Himoglobini ilipopimwa tena ilikuwa 12.4. Kwa upande wa uchovu, basi, bango lilisema kweli.

Kasoro ndogo katika ufuatiliaji: kifurushi kilijumuisha kipimo cha feritini wiki moja baada ya dripu. Kipimo cha mapema hivyo hutoa tarakimu kubwa ya kufurahisha macho isiyoonyesha akiba halisi, kwani feritini hupanda mno mara tu baada ya chuma kuingia mshipani. Inafaa kusubiri angalau wiki nne, na bora zaidi wiki nane au zaidi. Ningependa pesa hiyo itumike kupima fosfati kwa wale wanaorudia dripu hii mara kwa mara, kwa kuwa feri kaboksimoltosi inaweza kuishusha fosfati ya damu, na dalili zake, yaani uchovu na maumivu ya mifupa, hufanana na ugonjwa ule ule mtu aliokuja kutibiwa.

Nilizirai tena nikiwa na himoglobini hiyo ya 12.4. Nilikuwa nimesimama gwarideni Ijumaa, jua likiwaka, mwalimu mkuu akiendelea na matangazo kama ilivyo desturi yake. Nikapiga miayo, masikio yakavuma, macho yakaingia giza kutoka pembeni, na jasho baridi likanitoka. Niliporudi kliniki kueleza, daktari alitazama faili, akasema huenda akiba haijatosha, akapendekeza dripu nyingine. Hakunipima shinikizo la damu nikiwa nimesimama. Hakuniuliza nilikuwa nikifanya nini kabla ya kuanguka, wala nilichukua muda gani kuzinduka. Ziara nzima ilikuwa fupi kuliko wimbo wa taifa ukiimbwa beti zote.

Aliyeniuliza maswali hayo alikuwa tabibu, yaani afisa wa kliniki, katika hospitali ya umma, kijana mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake. Alinilaza kitandani dakika chache akanipima shinikizo la damu, kisha akanisimamisha na kunipima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Nikiwa nimelala lilikuwa 118 kwa 74. Nikiwa nimesimama lilishuka hadi 92 kwa 60. Kushuka kwa 20 au zaidi kwa tarakimu ya juu, au 10 au zaidi kwa ile ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, huhesabiwa kuwa si kawaida. Kipimo hicho hakihitaji chochote zaidi ya mashine iliyoko katika kila kituo cha afya, na mwongozo wa mwaka 2018 wa wataalamu wa moyo wa Ulaya unakiweka, pamoja na historia ya mgonjwa na kipimo cha umeme wa moyo, katika uchunguzi wa awali wa kila mtu aliyezirai. Kipimo cha umeme wa moyo nilifanyiwa siku hiyo hiyo, kikawa sawa.

Maelezo aliyonipa yalikuwa haya. Mtu anaposimama muda mrefu, hasa katika joto la Kisumu ambalo mchana hukaribia nyuzi 30, damu hujikusanya miguuni, na kwa baadhi ya watu neva hujibu kwa kuilegeza mishipa ya damu na kuyapunguza mapigo ya moyo ghafla, ubongo ukakosa damu kwa sekunde kadhaa. Upungufu wa damu unaoingia polepole huupa mwili nafasi ya kujizoesha, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa wake huhema na kuchoka zaidi kuliko kuzirai. Unaweza kumwongezea udhaifu mtu ambaye tayari ana tabia ya kuzirai, lakini haufai kuwa jibu la kila mwanguko. Alinifundisha kuvuka miguu na kukaza mapaja na makalio mara tu miayo inapoanza, kukunja ngumi kwa nguvu, kunywa maji ya kutosha kabla ya gwaride, kutokosa kifungua kinywa, na kuketi au kulala chini bila kuona haya. Haya ya kuketi chini mbele ya wanafunzi, nakiri, ni dawa ngumu kumeza kuliko feri salfeti.

Aliniondolea pia tuhuma ya kifafa iliyokuwa imenifuata chumba cha walimu. Aliyezirai anaweza kutikisika mikono kwa sekunde chache, lakini huzinduka upesi na kujua yuko wapi. Aliyepatwa na kifafa mara nyingi hubaki amechanganyikiwa kwa muda, na huenda akawa amejiuma ulimi pembeni. Zipo dalili ambazo hazisubiri mafunzo ya kuvuka miguu: kuzirai ukiwa unakimbia au umelala, kuzirai kulikotanguliwa na moyo kwenda mbio ghafla, au kuwa na ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Hizo huelekeza kwenye moyo, na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa wale wenzangu wa kanisani, aliyezirai alazwe chali na miguu yake iinuliwe; kumwinua asimame na kummwagia maji humcheleweshea damu kufika kichwani, na humharibia nguo za Jumapili bure.

Swali la pili ambalo kliniki haikuliuliza ni chuma kilikwenda wapi. Mtu mzima hupoteza takriban miligramu 1 ya chuma kwa siku, na mwanamke mwenye hedhi hupoteza zaidi. Kila mililita moja ya damu ya kawaida hubeba karibu nusu miligramu ya chuma, hivyo hedhi ya mililita 80, kiwango ambacho kikizidi huitwa nyingi kupita kiasi, huondoka na miligramu 40 hivi. Hakuna anayepima mililita nyumbani, lakini kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, kutoka mabonge makubwa ya damu, na kuendelea kwa zaidi ya siku saba ni ishara tosha. Daktari wa kliniki aliandika kwenye faili kwamba hedhi yangu ni ya kawaida, na mimi sikuulizwa. Picha ya ultrasaundi, niliyoelekezwa na yule afisa, ilionyesha uvimbe wa fibroidi uliojitokeza ndani ya mji wa mimba. Kwa sasa ninatumia tembe za asidi ya traneksamiki siku za hedhi, ambazo hupunguza utokaji wa damu, na mazungumzo kuhusu upasuaji au koili ya homoni, kifaa kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, yanaendelea.

Kwa wakazi wa eneo hili maswali ni mengi zaidi ya hedhi, na kliniki inayouza chuma kando ya Ziwa Victoria ingepaswa kuyajua kwa moyo. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Kichocho cha utumbo, kinachopatikana kwa watu wanaoingia maji ya ziwa, husababisha kuvuja damu chooni. Vidonda vya tumbo na bakteria wake, pamoja na matumizi ya kila mara ya dawa za maumivu kama ibuprofeni, huvujisha damu bila kelele. Malaria huharibu chembe nyekundu bila kupoteza chuma nje ya mwili, na maambukizi yoyote huipandisha feritini, kiasi kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima mwenye maambukizi ahesabiwe kuwa na uwezekano wa kupungukiwa na chuma hata feritini yake ikiwa chini ya 70. Mtu aliyetoka kuugua malaria akapata feritini ya 40 anaweza kuambiwa yuko sawa, na asiwe sawa. Selimundu nayo, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu ambao ni wa kawaida katika maeneo haya, huleta upungufu wa damu ambao si lazima utokane na ukosefu wa chuma, na mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma cha ziada tayari. Kumtundikia dripu bila kipimo ni kumdhuru.

Kuna watu ambao ningewaambia wasianzie hapo kabisa. Mwanamume wa umri wowote, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na ukosefu wa chuma, anahitaji tumbo na utumbo wake kuchunguzwa kabla hajafurahia dripu, kwa kuwa saratani ya utumbo inaweza kujionyesha hivyo tu. Anayehema akiwa ameketi, au mwenye maumivu ya kifua, anahitaji hospitali yenye damu ya kuongezewa, wala si kiti kinacholala. Mwenye homa au maambukizi yanayoendelea asubiri atibiwe kwanza. Na wazazi wasiwagawie watoto shira au tembe zao za chuma: utafiti uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 uliona watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki mahali penye malaria nyingi wakilazwa na kufariki zaidi ya wenzao, na tembe chache tu za mtu mzima zinaweza kumwua mtoto mdogo akizimeza kama peremende.

Kwa uwekaji wa dripu ninaipa kliniki alama nne na nusu kati ya tano, na nusu iliyopungua ni ya risiti. Kwa uchunguzi ninaipa moja na nusu, na hata hiyo ni kwa sababu ya feritini waliyoipima bila kuombwa. Bango libadilishwe, neno la kuzirai liondolewe, na daktari awe na karatasi ya maswali anayoijaza mgonjwa akiwa mbele yake. Ningerudi kwa dozi nyingine nikihitaji, mradi sista huyo yuko zamu.

Anayetaka kwenda abebe majibu yake ya zamani ya damu, hata yale ya miaka iliyopita, kwa kuwa mwelekeo wa tarakimu huonyesha mengi kuliko tarakimu moja. Aandike dawa zote anazotumia, zikiwemo za tumbo na za maumivu. Ale na kunywa maji kabla ya kwenda, avae nguo yenye mkono unaokunjika kwa urahisi, na kama ana tabia ya kuzirai aende na mtu wa kumsindikiza, kisha arudi nyumbani kwa tuktuk au matatu badala ya kupanda bodaboda. Vipimo huanza asubuhi, na wanaofika baada ya saa nne huambiwa warudi kesho yake.